Njia ya Kurudi Haiishii Kampala

Mwezi Juni 2024 vitu 39 vya kale vya Uganda viliwasili Kampala kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge na kupokewa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kamwokya. Makumbusho ya chuo hicho yana vitu vya Uganda vipatavyo 1,500, kwa hiyo kilichokuja ni kionjo tu. Tena hakikuja kukaa daima, kimekuja kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kurefushwa. Mkopo huo unakera, na una haki ya kukera: mwenye mali kuazimwa mali yake ni jambo ambalo sokoni Arua lingezua kicheko. Lakini hasira yote ikiishia hapo, tunalikwepa swali lililo gumu zaidi: kitu kikishafika Kamwokya, kimefika? Kwa Mganda wa Mengo jibu labda ni ndiyo, au linakaribia ndiyo. Kwa mtu wa Koboko, aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, ng'ambo ya Nile, kabati la kioo la Kampala na kabati la kioo la Uingereza vinatofautiana kwa nauli na viza. Tofauti hiyo si ya kubezwa. Hoja ya sura hii ni kwamba haitoshi, na kwamba West Nile, eneo lenye Koboko na Arua ambalo ni nadra kutajwa panapozungumzwa kurudishwa kwa mali za kale, inaonyesha vizuri kuliko mahali pengi kwa nini haitoshi.

Mjadala huu duniani umejengwa juu ya mfano mmoja. Kuanzia 1801 mawakala wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waturuki, waling'oa sanamu za marumaru katika hekalu la Parthenon mjini Athens na kuzisafirisha kwao. Mwaka 1816 bunge la Uingereza lilizinunua kwa pauni 35,000, na mpaka leo ziko British Museum, zikilindwa na sheria ya 1963 inayoyazuia makumbusho hayo kutoa mali yake isipokuwa kwa sababu chache sana. Wagiriki wamejibu kila kisingizio walichotupiwa. Waliambiwa Elgin alikuwa na kibali. Wakauliza kibali kiko wapi, maana kilichobaki ni tafsiri ya Kiitaliano ambayo wanasheria wanaibishania hadi leo. Waliambiwa hawana pa kuziweka. Mwaka 2009 wakafungua Makumbusho ya Akropoli, na chumba chake cha juu wakakielekeza sawasawa na hekalu lenyewe. Vatikani ilirudisha vipande vitatu mwaka 2023. Ni kesi nzuri sana, na uzuri wake ndio tatizo. Ina jengo ambalo bado limesimama na mapengo yake yanaonekana kwa macho. Ina taifa moja linalodai, mji mkuu mmoja utakaopokea, mchukuaji mmoja anayejulikana kwa jina, na vitu ambavyo dunia nzima imekubali kuviita sanaa. Mdai asiye na hayo huambiwa kesi yake haijakomaa, na West Nile haina hata moja.

Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waaluri hawakuachia Ulaya sanamu za marumaru wala za shaba kama zile za Benin ya Nigeria. Ustadi wao uliingia katika chuma, udongo, ngozi, kibuyu na mti: majembe na bangili, mishale yenye ncha za kila umbo, podo, vigoda, vyungu, kinubi cha adungu na nyuzi zake. Vitu vya namna hii makumbusho ya Ulaya huviweka upande wa mila za makabila, pamoja na mikuki na mitego ya samaki. Hupangwa kwa aina, hupewa namba, na vilivyo vingi havitoki stoo. Melina Mercouri, mwigizaji wa filamu aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki, alisimama Mexico mwaka 1982 katika mkutano wa UNESCO na kudai marumaru ya nchi yake. Ni vigumu kumwazia waziri yeyote wa Uganda akifanya hivyo kwa ajili ya podo. Huko si kumdharau waziri. Madai ya kimataifa yamefundishwa kutafuta kito kimoja kinachong'aa, na eneo lisilo na kito hujikuta halina la kusema hata kama stoo za watu zimejaa vitu vyake.

Halafu kuna suala la bendera. Miaka ya 1880 Emin Pasha, gavana wa Ikweta aliyeitumikia Misri, aliweka makao yake Wadelai, ukingo wa magharibi wa Nile, na kati ya vitu alivyokusanya katika jimbo lake vingi alivipeleka Vienna. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo lote lililoitwa Lado, na Arua na Koboko za leo zikaangukia humo. Leopold alifariki Desemba 1909, na kwa kuwa kodi ile ilikuwa ya maisha yake tu, Juni 1910 Lado ikapewa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, na mwaka huohuo afisa wa kwanza wa wilaya, A. E. Weatherhead, akaanzisha boma la Arua. Mtoto aliyezaliwa Koboko mwanzoni mwa 1909 alikuwa chini ya serikali ya tatu kabla hajatimiza miaka sita, na wazazi wake hawajahama hata hatua moja. Kila bendera ilikuwa na mji wake wa kupelekea vitu. Maofisa wa Leopold walipeleka Tervuren, nje kidogo ya Brussels, ambako mfalme alikuwa amejijengea makumbusho ya Kongo. Waingereza walipeleka kwenye vyuo vyao na British Museum, na baadaye Kampala. Kwa hiyo anayetafuta leo kazi za mikono ya Wakakwa hawezi kwenda mahali pamoja. Itambidi afuate historia ya mipaka, na kwenye kila kibandiko cha makumbusho akute nchi tofauti kwa kijiji kilekile.

Uone hilo linavyofanya kazi kwa vitendo. Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Ilikuwa hatua kubwa, na kwa maoni yangu ilikuwa kubwa kuliko kinyago cha Wasuku ambacho Mfalme Philippe alikipeleka Kinshasa miezi michache baadaye, tena kwa mkopo. Kinyago ni kimoja. Orodha inafungua mlango wa elfu themanini na nne. Julai mwaka huohuo Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha mali za enzi ya ukoloni, na sheria hiyo inataka makubaliano kati ya dola na dola. Sasa chukua podo lililotoka mikononi mwa mtu karibu na Koboko mwaka 1905 na kusafirishwa kwa njia ya Kongo hadi Tervuren. Katika vitabu vya Ubelgiji hicho ni kitu cha Kongo. Orodha yake imekabidhiwa Kinshasa, na anayeweza kukiombea ni serikali ya Kinshasa. Wajukuu wa mwenye podo ni raia wa Uganda. Hawakuiona orodha, hawakutajwa katika sheria, na Uganda haikuwa koloni la Ubelgiji kwa hiyo haina meza ya kukalia. Hakuna aliyewanyima kwa makusudi. Wamepotea katikati ya mistari ya karatasi ambayo waliichora wengine.

Kitu cha West Nile kilicho karibu zaidi na sanamu katika makumbusho ya nje hakikutengenezwa na mtu wa West Nile hata kidogo, nacho ni kifaru. Januari 1910, wiki chache baada ya kifo cha Leopold, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka ikulu ya Marekani chini ya mwaka mmoja nyuma, aliteremka Nile kutoka Ziwa Albert akapiga kambi ukingo wa magharibi, upande wa Lado, mahali panapoitwa mpaka leo Rhino Camp. Alikuwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian ya Washington. Baba alipiga vifaru weupe watano, mwana wanne. Msafara huo ulikuwa umebeba tani nne za chumvi kwa ajili ya kukaushia ngozi. Ngozi na mafuvu vilivuka bahari, na huko mafundi walifanya kazi ambayo kwa kweli ni ya uchongaji: hufinyangwa umbo la mnyama, misuli na mikunjo ya shingo, kisha ngozi hunyooshwa juu yake, na macho ya kioo hutiwa mwisho. Anayemtazama mnyama huyo katika ukumbi wa mamalia haoni mfupa wala nyama. Anachokiona ni sanamu iliyovikwa ngozi ya Rhino Camp. Hata jina la kitaalamu la jamii hiyo ya vifaru, lile la cottoni, lilitolewa mwaka 1908 kwa heshima ya mwindaji Mwingereza, Powell-Cotton, aliyepita Lado kabla ya Roosevelt.

Vifaru hao hawapo tena Uganda. Mwaka 1961 baadhi yao walihamishiwa ng'ambo ya Nile, kwenye Hifadhi ya Murchison, kuwaepusha na majangili. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 wote walikuwa wamemalizwa, waliobaki West Nile na waliohamishwa. Pori la Ajai, lililotengwa kwa ajili yao na kubeba jina la chifu wa pale, likabaki bila wao. Duniani kote wamesalia wawili wa jamii hiyo ya kaskazini, Najin na binti yake Fatu, wote majike, wanaotunzwa Ol Pejeta nchini Kenya. Na mama yake Najin, aliyeitwa Nasima, alikamatwa Uganda. Wanasayansi wanaojaribu kuifufua jamii hiyo kwa mayai na mbegu zilizogandishwa wanajua kwamba mafuvu na ngozi za kale zina kumbukumbu ya vinasaba ambayo haipo tena katika wanyama hai. Siombi kifaru mwenye macho ya kioo apandishwe ndege arudi Arua. Hatakuwa na kazi ya kufanya. Ninachodai ni kwamba mahali mnyama huyo alikotoka pana haki katika yale yanayotokana naye: kujua mabaki ya wale tisa na wengine wa Lado yako wapi, kupata nakala za daftari za wawindaji, na kushirikishwa siku itakapojadiliwa ndama watakaozaliwa walishwe nyasi za wapi. Aprili 2022 Smithsonian ilijiwekea sera ya kurudisha vitu kwa sababu za kimaadili, si za kisheria tu. Sera hiyo haisemi kwamba lazima kitu kiwe na sura ya mungu wa Kigiriki.

Kwa hiyo madai ninayoyatetea yana hatua ambazo mpangilio wake ni muhimu. Kwanza irudi orodha: kila makumbusho yenye vitu vya Lado, vya West Nile, vya Wakakwa na Walugbara kwa majina yote waliyoandikwa, itoe orodha kamili yenye picha, na nakala zifike Arua na Koboko, si Kampala tu. Baada ya hapo wenyewe wachague, kwa kuwa hakuna anayeweza kudai asichokijua. Wapokomo wa Mto Tana wanajua kwamba ngoma yao kuu, Ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita na kwamba imelala katika stoo ya British Museum tangu 1908. Kwa kuwa wanajua, wana cha kudai kwa jina lake. Koboko haina jina la kutaja. Na mwisho, kitakachochaguliwa kirudi hadi kilikotoka, au karibu na hapo kadiri inavyowezekana, mji mkuu ukiwa njia na si kituo cha mwisho.

Pingamizi la kwanza ni kwamba vitu vya namna hii havikuibwa, vilinunuliwa. Lina ukweli ndani yake, na wanaotetea kurudishwa wamezoea kulipita mbio. Mhunzi aliyetengeneza mishale kumi akauza mitatu kwa mzungu aliyelipa shanga au chumvi alifanya biashara, na hakuna sababu ya kumgeuza mhanga baada ya kufa kwake. Kwa vitu vingi vya matumizi ya nyumbani sioni dhuluma yoyote ya kurekebishwa. Kigoda kibaki kilipo na kieleweke kimetoka wapi. Lakini biashara hiyo ilifanyika lini? Eneo hili lilikuwa limepitiwa na wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, kisha na askari wa Leopold. Baada ya 1914 zikaja kodi na kazi za lazima. Rembe, nabii wa Kikakwa aliyewapa watu maji ya Yakan ili yawakinge na maradhi na risasi, alinyongwa Yei, Sudan Kusini ya leo, mwaka 1917. Miaka miwili baadaye Walugbara walioinuka kwa imani hiyohiyo walipigwa na wakuu wao kuhamishwa. Msomaji wa Tanzania atakumbuka Kinjeketile na Maji Maji. Katika hali kama hiyo mtu mwenye bunduki na wapagazi akikuuliza bei, bei hiyo si ya sokoni.

Kuna pia vitu ambavyo hata kwa bei nzuri havikuwa vya kuuzwa. Miongoni mwa Walugbara na Wakakwa, kama walivyo jirani zao Wabari, mvua ilikuwa na mwenyewe: ukoo mmoja uliokabidhiwa mawe ya mvua. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara kuanzia 1949, ameeleza mawe hayo yanavyowekwa ndani ya chungu, katika kichaka ambacho si kila mtu huingia. Jiwe la mvua kwa jicho la mgeni ni kokoto laini isiyozidi kiganja, haina nakshi wala sura. Likiwekwa kando ya farasi wa Parthenon hakuna atakayegeuza shingo. Ila hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuliuza. Aliye nalo ni mtunzaji, na wenyewe ni pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Kwa vitu vya daraja hili risiti ya mnunuzi haithibitishi chochote zaidi ya kwamba alilipa. Ndiyo maana orodha itangulie: wazee wa Maracha, Terego au Koboko wakikaa na picha mia tano mezani, huenda tisini kati ya kila mia watazipitisha kwa tabasamu, na kwa chache watanyamaza. Hizo chache ndizo za kuanza nazo. Msimamizi wa makumbusho wa Ulaya, hata awe msomi wa namna gani, hawezi kuzitambua peke yake.

Pingamizi la pili ni zito kuliko yote, na halistahili kujibiwa kwa kelele. Linasema kwamba kama vitu hivi vingebaki West Nile leo visingekuwepo. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Idi Amin waliingia kutoka nje na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali lilipozirudia, liliwageukia raia. Miji iliporwa na kuchomwa, vijiji vikabaki magofu, na sehemu kubwa ya watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Juni 24, 1981 wakimbizi waliojificha katika misheni ya Katoliki ya Ombaci, karibu kabisa na mji wa Arua, waliuawa hapohapo. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni habebi chungu cha mababu. Ni kweli, basi, kwamba podo lililokuwa Ulaya mwaka 1981 lilipona, na lililokuwa Koboko huenda liliungua.

Lakini tuufuate ukweli huo mpaka mwisho wake. Unaeleza kwa nini kitu kiliokoka, hauelezi kwa nini kisirudi sasa. Aliyehifadhi mali ya jirani wakati wa vita anastahili shukrani, na anayeing'ang'ania miaka arobaini baada ya jirani kurudi na kujenga upya ana neno la kujieleza. Wala usalama si mali ya bara moja: makumbusho ya taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliteketea Septemba 2018, na mwaka 2023 British Museum yenyewe ilikiri kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, mkurugenzi wake akajiuzulu. Zaidi ya hayo, uharibifu wa 1980 na 1981 unaipa hoja ya kurudisha nguvu mpya. Jamii iliyopoteza karibu kila kitu cha kale nyumbani inavihitaji vilivyobaki nje kuliko jamii ambayo kabati zake zimejaa. Chuo Kikuu cha Muni kipo Arua tangu 2013; Arua yenyewe ni jiji tangu 2020. Chumba chenye kufuli nzuri, mtu aliyefunzwa na umeme wa uhakika si muujiza katika mji wa aina hiyo. Kuhusu wanaosema kwamba makumbusho makubwa ya Ulaya ni ya walimwengu wote, inatosha kuwauliza ni walimwengu wangapi wa Koboko wamepata viza.

Pingamizi la tatu linatoka nyumbani. Serikali itasema: vitu vikirudishwa kwa makabila badala ya taifa, tutachochea ukabila, na kesho kila ukoo utafungua mlango wake. Sidharau hofu hiyo katika nchi yenye historia ya Uganda. Hata hivyo mwenendo wa dunia umeanza kwenda upande mwingine. Machi 2023 rais wa Nigeria alitangaza kwamba shaba za Benin zinazorudi ni mali ya Oba, mfalme wa Benin, na ingawa uamuzi huo uliwashtua baadhi ya Wajerumani waliokuwa wamekabidhi zao kwa taifa, Nigeria haikusambaratika kwa sababu hiyo. Mwaka 2024 British Museum na makumbusho ya Victoria and Albert zilipeleka vitu 32 vya Waasante wa Ghana moja kwa moja Kumasi, kwenye jumba la Manhyia la Asantehene, mfalme wao. Kwa mkopo, ndiyo, lakini Accra haikuwa kituo cha mwisho. Uganda ina msingi wa kisheria ulio imara zaidi kuliko wengi wanavyodhani: ibara ya 246 ya Katiba ya 1995 inaitambua taasisi ya kiongozi wa kimila kuwa na uwezo wa kumiliki mali kwa niaba ya watu wake. Lugbara Kari, taasisi ya Walugbara yenye makao Arua, na ile ya Wakakwa ya Koboko zinaweza, kwa sheria iliyopo, kupokea. Na mfano wa kinyume uko Kampala hapohapo. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, aliyochukua mmisionari John Roscoe yalirudishwa kutoka Cambridge wakati wa uhuru. Hayakufika Mbaale, Mawokota, lilikokuwa hekalu lake, mwendo wa saa chache tu kwa gari. Yaliishia kwenye kabati la makumbusho, na zaidi ya miaka sitini baadaye bado yapo huko.

Mpaka ndio unaobaki kuwa mgumu kwelikweli, na hapa sina jibu lililonyooka. Wakakwa ni watu wa nchi tatu. Karibu na Koboko, pale Salia Musala, Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Kitu kilichoandikwa kwamba ni cha Wakakwa, kilichopatikana "mto Yei" mwaka 1912, ni cha nani? Njia ya kawaida ingetaka dola tatu ziketi na kugawana, na hapo ndipo vitu vizeekapo stoo wakati mawaziri wakibadilishana barua. Naona ni afadhali kutenganisha umiliki na utunzaji. Umiliki uandikwe kwamba ni wa Wakakwa, bila kutaja pasipoti. Utunzaji upewe mahali ambapo Wakakwa wengi wa pande zote wanaweza kufika kwa miguu, kwa bodaboda au kwa basi dogo. Kwa sasa mahali hapo ni Koboko. Tangu vita vya Sudan Kusini vilipofika Yei mwaka 2016, maelfu kwa maelfu wamevuka mpaka kwenye vituo kama Oraba, na kambi za West Nile zimewapokea. Rhino Camp, jina lililoachwa na msafara wa wawindaji, leo ni makazi ya wakimbizi. Watu ambao mpaka uliwagawa mwaka 1914 vita imewakusanya tena upande mmoja, japo kwa uchungu, na wazee wa Yei wanaoweza kutambua kitu kwa kukitazama wako hai na wako karibu. Baada ya miaka kumi hilo halitakuwa kweli.

Hapo Kampala nayo inaingia katika madai, na si kama mdai peke yake. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa 1908 kwenye kilima cha Old Kampala, na watu wakaliita Enyumba ya Mayembe kwa sababu ya hirizi na pembe za waganga zilizojazwa humo. Vitu vyake vya mwanzo vilikusanywa na maofisa na wamisionari walewale waliopeleka vingine Uingereza. Jumba lilihamia Kamwokya mwaka 1954, lakini uhusiano wake na mikoa haukuhama sana. Kile ambacho Uganda inakitaka Cambridge ifanye, yaani orodha, uwazi, mazungumzo na kurudisha, makumbusho ya taifa yanaweza kuanza kukifanya kwa Arua mwaka huu bila kusubiri sheria ya Uingereza ibadilishwe. Tayari serikali ina makumbusho ya mikoa Moroto, Soroti na Kabale, kwa hiyo haiwezi kusema jambo hilo halijawahi kufikiriwa. Ikikataa, wasimamizi wa Tervuren na Cambridge watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini wao wafanye.

Gharama haipaswi kuwa kikwazo kwa hatua ya kwanza. Kupiga picha vitu, kuandika orodha kwa Kiingereza, Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa, kuchapa nakala na kulipia vikao vya wazee Arua na Koboko ni kazi ya fedha ndogo kuliko onyesho moja la msimu katika makumbusho yoyote ya Ulaya. Bili hiyo wailipe wenye stoo. Taasisi zilizowahi kupata fedha za wapagazi, mashua na tani nne za chumvi ili vitu vitoke Lado zisishindwe kupata nauli ya msimamizi mmoja na kompyuta yake kutoka Entebbe hadi Koboko.